Jitihada ya Mtoto Inahitaji Mkubwa Mkweli

Alfajiri ya siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wa usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaporudi Mbamba Bay na mitumbwi yao, watoto huwa wameshafika ufukweni. Mmoja anabeba ndoo, mwingine anasaidia kuanika usipa kwenye vichanja, na jua halijachomoza vizuri kila mmoja ameshapata kitoweo cha kumpelekea mama yake. Kazi imefanyika na malipo yameonekana. Muda si mrefu kengele ya shule inalia, na huko mtoto huyohuyo ataambiwa kwamba akisoma kwa bidii atakuja kuwa daktari, pengine miaka ishirini ijayo. Akichagua ufukwe, tusiharakishe kumwita mvivu. Amepima mambo mawili kwa kipimo alicho nacho: moja amelishika mkononi, la pili amelisikia tu.

Wazazi na walimu wengi tunadhani dawa ni kuongeza maneno. Tunamsimulia mtoto wa darasa la awali habari za maisha ya baadaye, tunamtajia fulani aliyesoma akajenga nyumba ya bati, tunamtisha kwa fulani aliyeacha shule. Mtoto wa miaka mitano hana mahali pa kuiweka miaka ishirini. Anachokielewa ni jambo alilolianza mwenyewe, likafika mwisho mbele ya macho yake, na faida au hasara yake ikamrudia yeye.

Masomo ya namna hiyo yapo tele hapa kwetu. Panda barabara ya lami kutoka ziwani kwenda Mbinga, kilometa 66 za kona na miteremko, utakutana na ngoro za Wamatengo. Mlima mzima umechorwa mashimo yaliyopangana, kila moja lina upana wa karibu mita moja na nusu, na kuta zake zimejengwa kwa majani yaliyofyekwa, yakalazwa kwa mistari inayokatizana, kisha yakafukiwa kwa udongo. Maharage hupandwa juu ya kuta hizo mvua zinapoelekea ukingoni. Yakivunwa, mahindi huyafuata msimu unaokuja. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea, na mashimo huyadaka maji ya mvua yasiuporomoshe udongo hadi bondeni. Kwa njia hii Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi na ardhi yao haijahamia mtoni.

Mtoto anayekwenda shamba na mama yake huko anaona kitu ambacho hotuba haiwezi kumwonyesha. Majani yakilazwa ovyo, mvua ya kwanza kubwa itapasua ukuta, na maji yataangukia shimo la chini yake, kisha la chini zaidi. Hakuna haja ya kumgombeza, mlima utamwonyesha. Ningependa kila mtoto wa Mbinga apewe shimo lake moja, apande maharage yake, na wakati wa mavuno yapimwe peke yake mbele yake. Kule ziwani apewe kichanja kidogo, au tuta la mihogo nyuma ya nyumba. Ukubwa wa eneo si hoja. Muhimu ni kwamba mazao yawe yake kweli, na siku asipopalilia, mkubwa asiende kumpalilia kwa siri.

Wamatengo walikuwa pia na sengu. Jioni wanaume wa ukoo na vijana wao walikusanyika kula pamoja kwa mzee wa familia, na baada ya chakula yakazungumzwa ya siku: shamba lilifikia wapi, nani ana ugomvi na nani, kesho ifanyike kazi gani. Kijana alisikia wakubwa wakieleza kwa nini waliamua hivi na si vile, na uamuzi ulioenda kombo nao ulizungumzwa. Siku hizi nyumba nyingi zinakula kila mtu kwa wakati wake, na watoto wanayaona maamuzi yetu bila kusikia sababu zake.

Mbali na sababu, mtoto anahitaji ahadi zinazotimizwa, na kuna utafiti mmoja wa Marekani kuhusu hilo ambao kila mzazi angefaa kuujua. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 28 wadogo. Kwanza waliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa, nusu wakaambiwa samahani, havipo. Kisha kila mtoto aliwekewa pipi moja laini na kuambiwa akisubiri dakika 15 bila kuila atapata mbili. Waliotimiziwa ahadi ya kwanza walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Wale waliodanganywa walisubiri kama dakika tatu. Kwa hiyo tunaposema mtoto hana subira, tuulize kwanza nani alimwahidi nini, na kama alitimiza.

Mkoa wa Ruvuma unalijua hilo kwa uchungu. Kahawa hukaa shambani kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na anayeipanda anaiamini kesho kuliko mkulima yeyote. Miaka ya 1990 chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilipoanguka, wakulima walipoteza pembejeo za mkopo walizozitegemea. Watoto waliokua katika nyumba hizo waliona wazazi wakijituma na jasho lisirudi. Ukimwambia mtoto kama huyo kwamba bidii hulipa, anayo sababu ya kutoamini. Na ni dhuluma kumfundisha kwamba kila aliyekwama alikwama kwa uvivu wake, wakati darasa lake limefurika na yeye mwenyewe ameingia na njaa. Chaguo la mtoto lina nguvu pale tu wakubwa wanapolinda njia kati ya jasho na mavuno.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe na shamba au mradi wake, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kuamua na waione faida ya kazi yao. Sehemu ya kwanza tuliishika, ya pili tukaiacha ipotee. Katika shule nyingi jembe limekuwa adhabu ya aliyechelewa, na mahindi ya shamba la shule huvunwa bila watoto kujua yalikokwenda.

Hili linaweza kurekebishwa msimu huu huu, bila kusubiri mfadhili wala waraka. Kamati za shule za Mbamba Bay, Liuli na Mbinga ziwaruhusu watoto wa madarasa ya chini wachague zao la kipande chao. Magunia yahesabiwe mbele yao, na idadi iandikwe ubaoni. Kisha waulizwe: tule uji, tuuze tununue madaftari, au tuweke mbegu? Watakachokiamua kifanyike, hata kama mwalimu mkuu angechagua kingine.