Taifodi isiyoisha

"Daktari, hii taifodi yangu mbona haiishi?"

Jumatatu nimeulizwa tena, safari hii na mama wa miaka arobaini na kidogo aliyekuja na mfuko umejaa majibu ya maabara. Ndani ya mwaka mmoja na nusu amepimwa mara saba, na mara zote saba "imeonekana". Amechomwa sindano mizunguko minne. Kila karatasi inasema lilelile: Widal, O 1:160, H 1:160. Anachoka, kichwa kinauma, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi.

Niseme waziwazi, maana nimechoka kulisema kwa mgonjwa mmoja mmoja: kipimo cha Widal hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili.

Bakteria wa taifodi akishapenya ukuta wa utumbo, seli nyeupe zinazomeza wavamizi humvaa. Shida ni kwamba huyu akimezwa hafi kirahisi. Anaweza kuzaliana humohumo ndani ya seli iliyommeza na kusafiri nayo hadi kwenye ini, bandama na uboho. Wakati huo seli B, zile chache ambazo vipokezi vyao vinamkaa sawasawa, zinaongezeka kwa wingi, na baada ya wiki moja hivi zinamwaga kingamwili kwenye damu. Kingamwili nyingine zinamnasa kwenye gamba lake, nazo ndizo O kwenye karatasi yako. Nyingine zinamnasa kwenye mikia anayoogelea nayo, ndizo H. Mgonjwa akipona, uzalishaji hausimami siku hiyo. Kuna seli zinazohamia kwenye uboho na kuendelea kutoa kingamwili kwa miezi, na zile za H hata kwa miaka.

Kwa hiyo anayerudi kupima Widal baada ya dozi, eti aone kama taifodi "imeisha", anaangalia kovu ili ajue kama kidonda kingali kibichi. Kovu litakuwepo tu! Na ile 160 siyo idadi ya wadudu. Maana yake ni kwamba majimaji ya damu yako, hata yakizimuliwa mara 160, bado yanawashikanisha pamoja bakteria waliokufa wa kwenye kichupa cha maabara. Basi.

Tena si lazima kovu lenyewe liwe la taifodi. Wapo salmonella wengine wenye gamba linalofanana na la huyu, na kingamwili za O haziwatofautishi. Malaria nayo huzichokoza seli B kwa jumla zikatoa kingamwili za kila namna, na hapo ndipo wengi wanapoambiwa wana "malaria na taifodi" kwa pamoja. Upande wa pili, mwenye taifodi ya kweli akipimwa wiki ya kwanza, kingamwili zikiwa hazijatoka, anaweza kuambiwa hana kitu.

Fernand Widal alikitangaza kipimo hiki mjini Paris mwaka 1896. Ukitaka kikusaidie, unachukua damu mara mbili, siku saba hadi kumi zikipita katikati, uone kama kiwango kimepanda angalau mara nne. Sisi tunachukua mara moja, kwa watu ambao wamekutana na salmonella tangu utotoni, kisha tunaandika sindano za siku kumi.

Nitaambiwa ipo taifodi sugu. Wapo watu wachache ambao bakteria hubaki kwenye mfuko wao wa nyongo. Wengi wao hawaumwi chochote, na hugunduliwa kwa kuotesha choo, si kwa Widal. Wasiwasi wangu ni usugu mwingine: kanda yetu tayari ina taifodi isiyosikia kloramfenikoli, ampisilini wala kotrimoksazoli, na kila sindano isiyo na sababu inawafundisha bakteria kuzizoea hata hizi tulizobakiwa nazo.

Mama yule nilimpima wingi wa damu, kitu ambacho hakikuwemo katika karatasi yoyote kati ya zile saba. Ilikuwa 6.1, na mwanamke wa umri wake anatakiwa kufikisha angalau 12. Hedhi yake huchukua siku tisa kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi. Mwaka mmoja na nusu, hakuna aliyemuuliza.

Sasa, ufanye nini? Homa ikikushika, pima malaria kwanza. Ikiwa si malaria na homa imepita siku tatu, omba damu ioteshwe kabla hujameza antibayotiki yoyote. Mtu mzima atolewe mililita kumi hivi, kwa kuwa bakteria hawa huwa wachache mno kwenye damu. Hata hivyo kuotesha nako huwakosa wagonjwa wengi, kama wanne katika kumi, hivyo daktari anaweza kukuanzishia dawa kwa dalili zako. Akikuanzishia, maliza dozi. Ukipona usirudi kupima Widal. Chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni. Chanjo ipo: Kenya ilianza kuitoa Julai 2025, kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Na mgonjwa wa homa ndefu akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo, akatoa choo chenye damu au akaanza kuweweseka, mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo.