MWILI NA ROHO HUZOEZWA PAMOJA

Wapo Wakristo ambao, wakihimizwa kufanya mazoezi ya viungo, hujitetea kwa maneno ya Mtume Paulo. Hutaja waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, mahali anapoyapima mazoezi ya mwili pamoja na utauwa, na utauwa ukaonekana kuwa mzito zaidi. Basi huamua kwamba mwili ni kitu cha kuachwa tu, unenepe au udhoofike kama upendavyo, maadamu roho inaelekea mbinguni.

Uamuzi huo si sahihi. Mtume hakunena kwamba mazoezi ya mwili hayana faida. Alinena kwamba faida yake ni haba, kwa sababu huishia katika maisha haya, ilhali faida ya utauwa huendelea hata katika maisha yajayo. Kitu chenye faida haba hakitupwi. Huwekwa mahali pake. Tena, neno la Kiyunani alilolitumia kumhimiza Timotheo ajizoeze utauwa ni lile lililotumika kwa vijana waliojizoeza mbio na mieleka viwanjani. Kama angaliyadharau mazoezi hayo, asingaliyafanya kuwa kielelezo cha maisha ya mwamini.

MFANO WA WANARIADHA

Paulo alikaa Korintho muda wa mwaka mmoja na nusu. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Isthmia, palifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Kwa hiyo alipowaandikia Wakorintho habari za mbio na za taji liharibikalo, hapakuwa na haja ya kuwafafanulia. Walijua pia kwamba ushindi hauandaliwi siku ya mashindano. Huko Olympia washindani waliapa kwamba walikuwa wamejizoeza kwa miezi 10. Katika miezi hiyo hapakuwa na vigelegele. Palikuwa na kula kwa kiasi na kurudia jambo lile lile kila siku.

Ndivyo ilivyo kwa roho. Mtu asiyesali siku za amani hutafuta maneno siku ya msiba asiyapate. Msamaha nao hutaka mazoezi: asiyeweza kumsamehe jirani aliyemvunjia mtungi hataweza kumsamehe aliyemdhulumu shamba.

MADHARA YA KUPITA KIASI

Hata hivyo, iko hatari ya upande wa pili, nayo ni kuutesa mwili kwa kudhani kwamba roho hunawiri kadiri mwili unavyokonda. Historia ya Kanisa inaonya juu ya jambo hilo. Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliandika katika karne ya 4 kwamba Antonio wa Misri alipotoka katika upweke wa miaka ipatayo 20, watu walistaajabu kuona kwamba mwili wake haukunenepa wala haukudhoofika. Masimulizi ya watawa wa jangwani humwonyesha Antonio huyo huyo akimfundisha mwindaji kwa mfano wa upinde: ukivutwa kupita kiasi utavunjika, na ndugu wakibanwa siku zote bila kuburudika watavunjika vilevile.

Ignatius wa Loyola, askari wa Hispania aliyejeruhiwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, alilijua jambo hilo kwa mwili wake. Baada ya kuongoka alifunga kwa ukali mno katika mji wa Manresa, akaidhuru afya yake. Baadaye, alipokuwa kiongozi wa shirika la Wajesuiti, aliwaagiza wafuasi wake watunze afya ili wawe na nguvu za kumtumikia Mungu. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapwa mwaka 1548, kutembea na kukimbia kwa ajili ya mwili kunalinganishwa na kuchunguza dhamiri, kutafakari na kusali kwa ajili ya roho.

MKIMBIAJI WA PARIS

Katika karne ya 20, Eric Liddell, Mskochi aliyezaliwa China mwaka 1902, aliyaunganisha mazoezi yote mawili. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1924, alikataa kukimbia mita 100, mbio alizozimudu sana, kwa kuwa mchujo wake uliwekwa siku ya Jumapili. Alijiandaa kwa mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata alirudi China kufundisha na kuhubiri. Wakati wa vita Wajapani walimfungia, pamoja na wageni wengi, katika kambi ya Weihsien. Humo aliwafundisha watoto, akawaandalia michezo, na hakuacha kuamka mapema asali na kusoma Maandiko. Alifariki humo tarehe 21 Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 43.

Mwili uliowashinda wakimbiaji wa dunia ulishindwa na maradhi. Hapo ndipo maana ya faida haba huonekana wazi. Lakini miguu hiyo, ilipokuwa na nguvu, ilitumikia, na subira aliyojizoeza ikawafaa watoto waliotenganishwa na wazazi wao.

KATIKA NYUMBA ZETU

Mama anayechota maji kisimani, anayetwanga na kulima, hahitaji kuambiwa aruke kamba jioni. Anachohitaji ni pumziko, na watu wa nyumbani wa kumpokea mzigo. Mazoezi ya viungo yanamhusu zaidi karani, dereva, fundi cherehani na mwenye duka, wanaoketi kutwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za shughuli ya kadiri kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Aendaye kanisani kwa miguu amekwisha kuanza, na njiani aweza kuwaombea kimya kimya wenye nyumba anazozipita.

Kufunga nako kuna taratibu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayetumia dawa kila siku wasifunge chakula kabla ya kumwuliza daktari. Wanaweza kufunga masengenyo na maneno makali, saumu ambayo haimdhuru mtu. Na anayeacha mlo mmoja aupeleke kwa mwenye njaa. Akiurudisha kabatini, amebana matumizi tu.

Mwenye kuanza na aanze na kidogo awezacho kukirudia kesho: robo saa ya kutembea na robo saa ya sala. Baada ya miezi michache na ajiulize kama kilima cha njiani kinamtweta kama zamani. Kisha awaulize watu wa nyumbani mwake kama hasira yake ingali ikiwaka upesi kama zamani. Swali la kwanza aweza kulijibu mwenyewe. La pili awaachie wao.