Jasho Lisilo na Hati

Tangu Wilaya ya Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na Nduguti kufanywa makao yake, mji huu wa mkoani Singida umekuwa kituo cha watumishi wa serikali, na palipo na watumishi hapakosi manung'uniko ya yule aliyefanya kazi kwa ikhlasi akaona cheo kimempata mwingine.

Zamani mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri, mtumishi asijue alichosifiwa wala alichosingiziwa. Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, OPRAS, ulipoanzishwa mwaka 2004, malengo na tathmini vikawa vya kutiwa saini na wote wawili, na siku hizi mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uitwao PEPMIS umeyahamishia hayo katika kompyuta. Ni hatua kubwa ya insafu. Walakini aghalabu mtu hodari hudhani kazi yake yaonekana, akajaza mambo yake kwa haraka siku ya mwisho, ilhali mwenzake asiyetoa nusu ya jasho hilo ameorodhesha kila kikao na kila safari. Mkubwa hupima alichowekewa mezani.

Tena si kila kuchelewa ni husuda. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji madaraja ili kuwahakiki watumishi, na wengi wakabaki palepale miaka kadhaa hata wakarekebishiwa kwa mserereko, yaani kufikishwa daraja walilostahili. Wako waliomchukia mkuu wao bure kwa jambo lililoamuliwa mbali naye. Heri kwanza kumwuliza Afisa Utumishi jalada limekwama wapi.

Dhulma ya kweli nayo ipo: mtu hukaimu nafasi, hubeba lawama zake zote, kisha huletewa mkubwa mpya wa kumfundisha kazi. Hapo majungu ya kantini hayamfai kitu, kwani humfikia mkubwa yakiwa yamekwisha kutiwa chumvi. Naandike barua ya adabu, yenye tarehe na kazi alizofanya, na kwa kuwa desturi yataka ipite kwa mkuu yule yule anayelalamikiwa, aipeleke kwa mkono masijala na nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa. Mhuri ule mdogo wa wino wa buluu ndio utakaomsemea malalamiko yakifika Tume ya Utumishi wa Umma, au, akiwa mwalimu, ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, mahali ambapo hakuna aliyemwona akifanya kazi.