Mstari Mwekundu wa Kipimo cha Malaria Watoka Wapi?

Karibu kila mzazi aliyempeleka mtoto mwenye homa zahanati anakifahamu kile kikasha kidogo cheupe cha plastiki cha kupimia malaria. Muuguzi humchoma mtoto kidole, huchukua tone la damu na kuliweka katika kitundu kimoja, kisha hudondosha majimaji katika kitundu cha pili. Baada ya dakika 15 hivi mistari myekundu hujitokeza, miwili au mmoja tu. Kwa mistari hiyo mzazi huambiwa kama mwanawe ana malaria au hana.

Wapo wanaokiamini kipimo hiki, na wapo wanaokitilia mashaka. Wanauliza, "Kikaratasi kama hiki kitajuaje yaliyomo ndani ya damu?" Wengine wakiambiwa kwamba mtoto hana malaria, hupitia duka la dawa na kununua dawa ya malaria vilevile. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Basi mwezi huu tutaeleza kinachotokea ndani ya kikasha kile. Tutaona pia jambo ambalo wengi hawalijui: katika vipimo vingi vya aina hii, ule wekundu ni dhahabu.

Vitu vidogo kupita kiasi

Ukitazama rula ya mwanafunzi utaona milimita, vile vijisehemu vidogo kabisa. Chukua milimita moja uigawe katika sehemu 1,000,000 zilizo sawa. Kila sehemu inaitwa nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 au zaidi kidogo. Punje za dhahabu zilizomo katika kipimo cha malaria huwa na upana wa nanomita 20 hadi 40 hivi. Maana yake ni kwamba punje zaidi ya 150 zinaweza kupangwa mstari mmoja juu ya chembe moja ya damu. Hadubini ya kawaida ya zahanati haiwezi kuonyesha umbo la punje kama hiyo.

Katika ukubwa huo vitu hubadili tabia. Dhahabu ya pete ni ya njano na inang'aa. Dhahabu hiyohiyo ikigawanywa kuwa punje za nanomita 20 na kutiwa katika maji, hufanya maji yawe mekundu kama juisi ya rozela. Haijachanganywa na rangi yoyote. Ni dhahabu ileile. Kilichobadilika ni ukubwa wake tu.

Mafundi walianza kuitumia siri hii kabla ya kuielewa. Katika jumba la makumbusho la British Museum, mjini London, kipo kikombe cha kioo cha karne ya 4, kilichotengenezwa na Warumi. Kikimulikwa kwa mbele huonekana cha kijani. Kikimulikwa kutoka nyuma huonekana chekundu. Ndani ya kioo chake mna punje ndogo mno za dhahabu na fedha.

Aliyeichunguza siri hii kwa majaribio ni mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Mwaka 1857 alieleza mbele ya wataalamu wenzake mjini London jinsi alivyotengeneza maji mekundu ya dhahabu. Aligundua kwamba akipitisha mwali wa mwanga katika maji yale, njia ya mwali huonekana, kama vile mwanga wa jua unavyoonekana ukipenya dirishani katika chumba chenye vumbi. Akatambua kwamba dhahabu haikuyeyuka kama chumvi, bali imeelea kama vumbi laini sana. Tena aliona kwamba akitia chumvi, wekundu hugeuka kuwa buluu. Baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa katika taasisi aliyofanyia kazi.

Kwa nini iwe nyekundu?

Ndani ya dhahabu, kama ilivyo kwa metali nyingine, kuna elektroni zinazotembea kwa uhuru. Hizo ndizo zinazopitisha umeme katika waya. Katika punje ndogo, elektroni hizo hazina mahali pa kwenda. Zimefungiwa kama maji ndani ya ndoo.

Sasa mfikirie binti anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Maji yanapwaya huku na huku kwa mwendo wake yenyewe. Hatua za binti zikilingana na mwendo wa maji, maji yatapwaya zaidi na zaidi mpaka yamwagike. Akibadili hatua, maji yanatulia. Mwanga nao una mtikisiko wake, na kila rangi ina kasi yake ya kutikisika. Katika punje ndogo za dhahabu, mtikisiko unaolingana na mwendo wa elektroni ni ule wa mwanga wa kijani. Kwa hiyo punje huunyonya mwanga wa kijani. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Ukiondoa kijani, kinachobaki huonekana chekundu machoni petu.

Punje zikigandamana, elektroni zake hupwaya polepole zaidi. Hapo hunyonya mwanga unaoelekea kwenye wekundu, na maji huonekana ya buluu au zambarau. Ndiyo maana chumvi ya Faraday ilibadili rangi: ilizifanya punje zishikamane. Hesabu kamili za jambo hili zilitolewa mwaka 1908 na Mjerumani Gustav Mie. Naye Richard Zsigmondy, aliyesaidia kubuni hadubini maalumu ya kuonyesha mng'ao wa punje ndogo kama hizi, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925.

Huenda msomaji amesikia pia habari za "nukta za kwanta". Hizo ni punje ndogo zaidi, za nanomita chache tu, na hazitengenezwi kwa dhahabu. Zenyewe hutoa mwanga, na rangi yake hufuata ukubwa wake: ndogo hutoa buluu, kubwa kidogo hutoa nyekundu. Sababu ni kwamba elektroni ikibanwa katika nafasi finyu kiasi hicho, hulazimika kufuata sheria za fizikia ya kwanta. Waliozigundua na kuziendeleza, Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Lakini katika zahanati zetu, kazi kubwa bado inafanywa na dhahabu.

Jinsi dhahabu inavyoitambua malaria

Dhahabu peke yake haijui malaria. Inahitaji mshirika, naye ni kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili. Kila aina ya kingamwili humshika adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Wataalamu waliweza kuunganisha viwili hivi hatua kwa hatua. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake huko Marekani walieleza njia rahisi ya kutengeneza punje za dhahabu zinazolingana ukubwa, kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, chumvi ya asidi iliyomo katika ndimu. Mwaka 1971 watafiti wengine walitangaza kwamba wamefaulu kubandika kingamwili juu ya punje za dhahabu.

Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachoua zaidi katika Afrika, hutoa protini iitwayo HRP2 na kuiachia katika damu. Vipimo vingi huitafuta protini hiyo. Damu ikishawekwa, majimaji huisukuma itembee juu ya utepe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Njiani damu inakutana na punje za dhahabu zilizovikwa kingamwili. Protini ya malaria ikiwepo, punje zinaishika na kusafiri nayo.

Mbele yake, penye herufi T, zimebandikwa kingamwili nyingine zisizotembea. Hizi huikamata protini kwa upande wa pili. Hapo protini imeshikwa mikono yote miwili, na dhahabu iliyobebana nayo haiwezi kuendelea na safari. Punje moja haionekani kwa macho, lakini zikikusanyika mamilioni, mstari mwekundu unatokea. Haba na haba hujaza kibaba. Damu isipokuwa na protini ile, dhahabu hupita pale T bila kusimama.

Mbele zaidi, penye herufi C, kuna kingamwili zinazoikamata dhahabu yenyewe pamoja na vazi lake, malaria iwepo au isiwepo. Kwa hiyo mstari wa C lazima utokee kila mara. Usipotokea, kipimo kimeharibika na lazima kirudiwe kwa kikasha kingine, hata kama mstari wa T umetokea. Lakini C haithibitishi kwamba damu iliyowekwa ilitosha. Hilo linategemea uangalifu wa mpimaji.

Kipimo kina mipaka yake

Kwanza, protini ya HRP2 hubaki katika damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa juzi anaweza kuonyesha mistari miwili ingawa amepona. Akipata homa tena karibuni, mwambie mganga kwamba alitibiwa malaria na lini. Huenda ikafaa kutumia hadubini.

Pili, vimelea vikiwa vichache sana kipimo chaweza kukosa kuviona. Homa ikiendelea baada ya siku 2, mrudishe mtoto akapimwe tena.

Tatu, baadhi ya vimelea vimepoteza uwezo wa kutengeneza HRP2. Jambo hilo lilitangazwa mwaka 2010 kutoka Peru, na baadaye likaonekana katika Afrika pia. Nchi ya Eritrea ililazimika kubadili aina ya kipimo mwaka 2016. Ndiyo sababu wizara za afya huchunguza vimelea mara kwa mara.

Nne, dhahabu haiozi, lakini kingamwili ni protini, na joto huziharibu. Vipimo vingi havitakiwi kukaa mahali penye joto linalozidi nyuzi 30 au 40, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Unyevunyevu nao ni adui. Pakiti hufunguliwa wakati wa kupima tu.

Mambo ya kuzingatia

1. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa.

2. Mstari wa T ukiwa hafifu kiasi gani, maadamu unaonekana ndani ya muda uliowekwa, ni malaria imeonekana. Msidanganyike kwamba "ni malaria kidogo". Wekundu hafifu maana yake ni kwamba dhahabu iliyokusanyika pale ni kidogo. Si kipimo cha uzito wa ugonjwa.

3. Majibu yasomwe kwa muda ulioandikwa katika maagizo, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kikasha kilichosahauliwa mezani hadi jioni hakisomwi.

4. Majimaji ya kipimo yasibadilishwe na maji ya bomba wala ya chumvi. Mmeona jinsi chumvi ilivyobadili rangi ya dhahabu ya Faraday.

5. Kipimo kikisema hakuna malaria, msinunue dawa ya malaria. Muulizeni mganga, "Basi homa hii yatoka wapi?" Nimonia, maambukizi katika njia ya mkojo na magonjwa mengine huanza kwa homa vilevile. Mtoto mwenye nimonia anayepewa dawa ya malaria anapoteza siku ambazo zingemwokoa.

6. Kikionyesha malaria, dawa imalizwe yote hata mtoto akichangamka siku ya pili.

7. Degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, na kupumua kwa shida ni dalili za hatari. Hapo msingoje. Mkimbizeni mtoto hospitali mara moja, mchana au usiku.

8. Vikasha vilivyotumika vina damu. Visiachwe watoto wavichezee. Wala pasiwepo wa kuvikusanya akitafuta dhahabu, kwa maana iliyomo ni kidogo mno hata mizani ya sonara haiwezi kuipima. Thamani yake ni ile kazi iliyoifanya pale mstari ulipotokea.