Ngoma Ivumayo: Namna ya Kuchagua Spika kwa Fedha Kidogo

Leo nataka kueleza jambo ambalo vijana wa Rumonge hubishana juu yake kila likizo, yaani: mtu mwenye fedha kidogo achague spika gani, ili sherehe ya nyumbani ipate muziki wenye sauti kubwa na besi nzito?

Labda wengine watacheka na kusema kwamba jambo hili si la kuandikwa katika gazeti la shule. Walakini fedha si mchezo. Kaka yangu ataoa mwezi wa Desemba, na mimi nimepewa kazi ya kutafuta muziki. Fedha yenyewe mama ameiweka akiba mwaka mzima kwa kuuza mawese, na tukiitumia vibaya, mdogo wangu atakosa karo ya muhula wa pili. Kwa sababu hiyo nilifungua tena daftari langu la fizikia, nikawauliza na mafundi wawili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue spika ni nini. Kila mtu wa nchi yetu aijua ngoma. Ngoma zetu kubwa huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, zikawambwa ngozi ya ng'ombe, na mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza mchezo wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mpigaji akiipiga ngozi, ngozi yatetemeka na kuisukuma hewa, na hewa hiyo hufika masikioni mwetu. Spika ni ngoma inayopigwa na umeme. Badala ya ngozi ina koni ya karatasi ngumu au ya plastiki. Badala ya mkono wa mpigaji ina waya uliozungushwa karibu na sumaku. Na badala ya gogo ina sanduku la mbao. Wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi zafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa, kwa nini ngoma ndogo hulia kwa sauti nyembamba na kubwa hunguruma? Sauti nyembamba hutetemeka mara nyingi, maelfu kwa sekunde, na husukuma hewa kidogo tu kila mara. Besi hutetemeka mara chache, labda 50 au 100 kwa sekunde, kwa hiyo ni lazima isukume hewa nyingi kila mara ili isikike. Sauti ikishuka nusu, tuseme kutoka mitetemo 100 hadi 50, koni yapaswa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi ili kutoa nguvu ile ile. Koni ndogo haina nafasi ya kwenda mbali hivyo. Tazama tena upana: koni ya inchi 12 ina eneo mara nne ya koni ya inchi 6, wala si mara mbili. Basi ukimwona mtu amenunua kisanduku kidogo kama tofali, naye atarajia kitikise ua mzima, jua kwamba anashindana na maumbile.

Mafundi wana neno la hekima juu ya jambo hili. Wasema kwamba spika ina sifa tatu zinazotamanika: besi inayoshuka chini sana, sauti kubwa kwa umeme kidogo, na sanduku dogo. Waweza kupata mbili. Zote tatu huzipati. Mtu wa fedha kidogo na akubali sanduku kubwa. Tena asitake besi ya chini kupita kiasi, kwa maana sehemu kubwa ya mdundo wa muziki wa kuchezwa imo kati ya mitetemo 50 na 100. Spika iliyo imara hapo yatosha kabisa kwa harusi.

Jambo la pili ni wati, na hapa ndipo wengi huibiwa. Sokoni niliwahi kuonyeshwa sabufa moja iliyoandikwa mbele kwa herufi za dhahabu: wati 10,000. Niliigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma, penye habari za umeme inaoutumia. Kiliandika wati 60. Wanafunzi wa fizikia, jiulizeni wenyewe: chombo kinachokula wati 60 kitatoaje 10,000? Nguvu haiumbwi ndani ya sanduku. Zile hesabu kubwa mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO, nazo hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote, kwa hiyo kila mtengenezaji aweza kuandika apendavyo. Tafuta herufi RMS. Ndizo zinazoonyesha nguvu ambayo chombo chaweza kuichukua kwa muda mrefu. Kama huzioni, soma kibandiko cha nyuma. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini hata wati za kweli si neno la mwisho. Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wachache hukiuliza: ukiipa spika wati 1 tu, ukasimama mita 1 mbele yake, utasikia desibeli ngapi? Spika moja yaweza kutoa desibeli 87, na nyingine 97. Tofauti ni 10, lakini desibeli hazihesabiwi kama maembe. Kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Maana yake, ile ya 97 ikipewa wati 50 italia sawa na ile ya 87 iliyopewa wati 500. Basi kwa kuchagua spika iliyo nyepesi kuitika, mnunuzi aokoa fedha ya amplifaya kubwa. Na yule anayetupa fedha ili kubadili amplifaya ya wati 50 kwa ya wati 100 apata desibeli 3 tu, na wageni wake hawataona tofauti kubwa.

Tufanye hesabu ya ua wa nyumbani. Spika ya desibeli 97 ikipewa wati 50 hutoa karibu 114 katika mita 1. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Katika mita 4 zabaki 102, katika mita 8 zabaki 96, na katika mita 16 zabaki 90. Sauti hiyo yatosha kuchezesha ua wote, na tumetumia wati 50 tu! Laiti wengi wangejua hesabu hii kabla ya kukopa fedha.

Jambo la tatu ni sanduku. Koni inapokwenda mbele husukuma hewa, na wakati huo huo nyuma yake huivuta. Pasipo sanduku, hewa ya mbele huzunguka kwenda nyuma, nguvu mbili zauana, na besi yapotea. Ndiyo sababu spika iliyotolewa katika sanduku hulia kama redio ndogo. Seremala mwema aweza kutengeneza sanduku kwa mbao za tabaka zenye unene wa milimita 18. Lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 40 kwa 50 ni lita 80. Kiasi kinachofaa hutegemea spika yenyewe, kwa hiyo soma karatasi yake kwanza. Anayeanza na atengeneze sanduku lililozibwa kabisa. Lenye tundu hutoa besi zaidi, lakini lataka hesabu sawasawa. Gundi iwe ya kutosha, pasiwe na ufa, tena ndani wekeni mhimili ili ubao usitetemeke.

Spika zilizotumika si za kudharauliwa, mradi uzipime. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza, iache. Tazama ukingo unaoishikilia koni. Ule wa sponji huoza upesi katika joto na unyevu kama huu wa kandokando ya ziwa, lakini wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Gusa nyaya kwa betri ndogo ya tochi, chanya kwa chanya: spika nzima hulia "tap" na koni hutoka mbele. Alama hiyo ikumbuke, kwa sababu spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja ikitoka na nyingine ikiingia, besi hufa. Wengi hulaumu spika, kumbe kosa ni la waya mmoja, na dawa yake haigharimu hata faranga moja.

Mahali pa kuweka pia ni mali ya bure. Sabufa ikiwekwa chini karibu na ukuta, besi huongezeka, na katika pembe ya kuta mbili huongezeka tena. Sauti nyembamba huenda mbele kama mwanga wa tochi, kwa hiyo spika ndogo ziinueni zipite vichwa vya watu.

Juu ya umeme, sisi wa mwambao twajua kwamba waweza kukatika wakati bibi harusi anaingia. Jirani zetu wavuvi wana betri. Zamani walivua ndagala kwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Betri ya volti 12 na amperi-saa 70 ina wati-saa 840. Ukitumia nusu tu ili usiiharibu, wapata 420. Muziki unaokula wati 100 kwa wastani utalia kama saa nne. Tena mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hubaki nchi kavu, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki vizuri, na hapo betri hupatikana kwa kukodi. Mwenye kupanga siku ya harusi na atazame mwezi.

Je, tununue au tukodi? Mwenye sherehe moja kwa mwaka hana haja ya kununua masanduku makubwa ambayo miezi kumi na moja yatakuwa kiti cha kuku. Nimemshauri mama tukodi yale makubwa kwa usiku mmoja, na tununue spika moja ya inchi 12 iliyotumika ili seremala wa mtaani aitengenezee sanduku. Hiyo itatufaa kwa Pasaka, kwa Idi ya jirani zetu na kwa ubatizo. Karo itabaki. Kaka alinung'unika kidogo, lakini alipoiona hesabu ile ya mita 16 alikubali.

Mwisho, nawaomba mkumbuke mithali isemayo kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Maana yake hapa ni mbili. Ya kwanza ni ya spika. Amplifaya ndogo ikifunguliwa mpaka mwisho hushindwa kuyafuata mawimbi ya muziki, huyakata vichwa, na sauti huwa ya kukwaruza. Umeme wa namna hiyo huunguza hata spika nzuri. Sauti ikianza kukwaruza, rudisha nyuma mara moja.

Maana ya pili ni ya masikio, nayo ni kubwa zaidi, kwa sababu spika hununuliwa lakini sikio halinunuliwi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba desibeli 80 zaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma bila hatari, lakini 90 ni saa 4 tu, na 100 ni kama dakika 20. Rudini katika hesabu yetu: mita 4 mbele ya spika tulikuwa na 102. Hapo ndipo watoto wadogo hupenda kusimama wakishangaa! Wapelekeni nyuma, na wazee wapeni viti vya mbali. Besi nayo haijui ukuta wala mabati; hupenya mpaka kwa mgonjwa na kwa mzazi mwenye kichanga. Mpelekee jirani habari siku mbili kabla, mwalike, mwambie saa ya kumaliza, na saa hiyo ikifika, maliza. Sherehe iliyopendwa na majirani husifiwa mwaka mzima, lakini debe tupu haliachi kuvuma, na watu hulijua kwa sauti yake.

Wakubwa zetu mlio Bujumbura, Nyanza-Lac, Kigoma na kwingineko, kama mna maarifa zaidi ya jambo hili, andikeni katika toleo lijalo tupate kujifunza.

Mwanafunzi wa darasa la juu, Rumonge