Spika ya Mtaa wa Kongo na Daftari la Wateja

Ukitoka Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ukafika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kinachokupokea kwanza ni spika. Sauti imerekodiwa, inarudia bei ileile tangu asubuhi, na umati unapita. Hatua chache mbele, muuza vitenge ameinamia simu: anapiga picha robota lililofunguliwa sasa hivi, anaandika bei, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja wake wa Songea na Tunduma. Kabla ya adhuhuri mzigo una wenyewe, unasubiri basi tu. Wenye blogu wengi wanaotafuta wasomaji mitandaoni wanafanya kazi ya spika. Wanabandika kiungo Facebook, wanakibandika chini ya picha Instagram, ambako hata hakifunguki, wanakitupa kwenye makundi kumi ya WhatsApp, kisha wanashangaa mbona watu hawaji. Kwa maoni yangu, wasomaji hawapatikani kwa kelele. Wanapatikana kwa kuwafuata kwenye makundi yenye mazungumzo yao tayari, kuwapa kitu hapohapo, na kubaki na daftari lao mkononi.

Mnazi Mmoja yenyewe inalijua jambo hili. Uwanja ule, ulioachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Uhindini na Kariakoo, ulifurika watu kwenye mikutano ya TANU miaka ya 1950. Lakini TANU haikutegemea uwanja peke yake. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, na kupitia kwao wakaandikishwa maelfu ya wanachama katika miezi michache. Alianza na watu waliokwisha kuaminiwa na wenzao, na aliyekubali alichukua kadi. Kikundi cha ngoma cha wakati ule ndicho kundi la WhatsApp la leo: kina kiongozi wake, kina adabu zake, na mgeni anayeingia na tangazo kabla ya salamu hutolewa nje.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Muhidin Issa Michuzi, wakati ule mpigapicha wa gazeti la Daily News, aliyeanzisha blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki. Wakati huo Facebook ilikuwa bado haijafunguliwa kwa kila mtu. WhatsApp ilikuja 2009, Instagram 2010. Wasomaji aliwapata kwa sababu Watanzania wa ughaibuni walikuwa na kiu ya picha za nyumbani, na yeye alikuwa nazo. Akawaita wadau, mwenyewe akawa Ankal, na neno libeneke, yaani shughuli ya kuendesha blogu, likawa lao wote. Hapo pana siri kubwa kuliko ufundi wowote wa mitandao: msomaji aliyepewa jina hujiona mwenyeji, na mwenyeji humleta mwenzake bila kutumwa.

Yuko atakayesema watu siku hizi hawasomi, wanatazama video tu. Mbona jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, tangu 2006, imewakusanya Watanzania kwa maandishi, mengine marefu kweli kweli? Kikwazo ninachokiona mimi ni bando. Aliyejiunga bando la siku hafungui ukurasa asioujua, uliojaa picha nzito. Kwa hiyo ukurasa uwe mwepesi, na unapoutangaza usimfiche mtu jambo. Kama umeandika namna ya kutambua kitenge feki, weka picha ya ukingo wa kitambaa, pale panapochapwa jina la kiwanda, na sentensi moja itakayomsaidia dukani leo hii. Aliyefaidika na hiyo moja ndiye atakayekuja kusoma zilizobaki.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kwa nini nisibaki Instagram, ambako ni bure? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu leseni iliyogharimu, pamoja na maombi, zaidi ya shilingi milioni 2, na sauti nyingi njema zilinyamaza. Masharti yalilegezwa baadaye, lakini hofu ilibaki, na siwezi kumlaumu aliyeogopa. Hata hivyo uwanja wa mwenzio hauna ahadi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa zipatazo sita, dunia nzima. Mei 2025 X ikafungwa Tanzania, na mwandishi aliyekuwa na watu wake wote kule hakuwa na njia ya kuwaambia amehamia wapi. Ndiyo maana kila anayefika kwenye blogu yako aombwe, kwa hiari yake, barua pepe au namba ya simu, na kila wiki, siku ileile, apate kitu kutoka kwako. Yule muuza vitenge, pamoja na kundi lake la WhatsApp, ana daftari chini ya meza, namba zimeandikwa kwa wino, mkoa kwa mkoa. Simu ikiibiwa jioni, asubuhi anaazima nyingine na kuanza na Songea.