Simu Dirishani, Faida Kwenye Bando

Pita steshenari za mitaani Dar es Salaam au Morogoro msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Foleni imefika barazani, mashine ya kopi inanguruma, na kwenye nondo za dirisha utakuta simu imefungwa kwa raba pale network inaposhika vizuri. Waya wake umeshuka hadi kwenye kompyuta. Intaneti ya duka zima inatoka hapo.

Mtindo huu haukuanza jana. Enzi za intaneti ya simu ya GPRS, watu waliunganisha simu kwa waya, kompyuta ikapiga namba *99# kana kwamba inampigia mtu. Zikafuata modemu za USB, zile za kijiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti iliacha kutegemea setilaiti. Mwaka huo wa 2010 Android 2.2 ikaja na hotspoti ndani ya simu, na kijiti kikaanza kukosa kazi.

Mwenye duka dogo anaipendea simu jambo moja: gharama inafuata mapato. Faiba inataka mtaa uliofikiwa na malipo ya kila mwezi, wateja wawepo wasiwepo. Bando linataka salio tu. Biashara ikichangamka anajiunga la wiki. Ikidorora, la siku.

Kinachookolewa kwenye vifaa, hata hivyo, huvuja kwenye bando. Kompyuta ikikuta hotspoti hudhani imepata Wi-Fi isiyo na kikomo: inashusha masasisho ya Windows, inapandisha picha mtandaoni, yote bila kuomba ruhusa. Saa tano asubuhi ujumbe unaingia kwamba kifurushi kimekwisha, na fomu ya mteja iko ukurasa wa mwisho, haijatumwa.

Wazoefu wana kinga zao. Kwenye mipangilio ya Windows wanautaja mtandao wa simu kuwa unalipiwa kwa kipimo, na masasisho mengi yanasubiri. Wanapenda waya wa USB kuliko hotspoti, kwa kuwa simu inachajiwa papo hapo na jirani hana pa kudokoa. Wengi huweka laini mbili za kampuni tofauti, ingawa Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mitandao kadhaa iliyumba kwa pamoja.

Bei nayo hawaipangi wao. Aprili 2021 vifurushi vipya vilizua malalamiko nchini kote hadi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikavisitisha. Wenye steshenari walikuwa watazamaji tu.

Kilicho mikononi mwao ni hesabu. Karatasi wanazihesabu kwa rimu na wino kwa katriji, lakini bando linachanganywa na matumizi ya nyumbani. Asiyejua GB moja inamtolea fomu ngapi hajui faida yake, hata droo ikijaa.